Watoto wanapenda magari, mbona gemu za mbio zinakosa wachezaji?

Mpe mtoto wa miaka mitano dumu tupu, ndala mbovu, kijiti na kipande cha kamba. Kabla ya magharibi atakuwa na gari. Bodi ni dumu, matairi ni ndala iliyokatwa miduara, na injini inatoka mdomoni mwake. Atalivuta uani mpaka kamba ikatike, atalipigia honi kuku, kisha atalipaki chini ya mti na kurudi kulitazama kama tajiri mwenye mabasi. Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alifanya hivyo hivyo kwa gari la waya, na babu yake kwa gari la mabua.

Miaka saba baadaye mtoto huyo huyo anapewa hela ya kwenda kwenye kibanda cha PS mtaani. Mzazi angetarajia kumkuta anaendesha. Wapi! Anacheza mpira. Wenzake waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu nao wanasubiri mpira. Gemu ya magari, kama ipo, huwashwa wateja wakiwa wachache, au anawekewa mdogo ambaye vidole vyake bado havijui kupiga pasi.

Si watoto wa huku peke yao. Hata katika nchi zinakotengenezwa gemu hizi, hasa Uingereza, Japani na Marekani, gemu za mbio za magari za kujifurahisha zimekuwa zikihangaika kutafuta wachezaji kwa zaidi ya miaka 15. Kampuni zilizokuwa na majina zimefungwa, mafundi wake wametawanyika, na kila inapojitokeza mpya yenye sifa nzuri, mara nyingi haifiki mbali.

Kwa mzazi hili si suala la burudani tu. Tazama alama ya umri kwenye kasha. Forza Horizon 5 na Gran Turismo 7, mbili kati ya gemu kubwa za magari za miaka ya karibuni, zimepewa alama ya 3 na PEGI, mfumo unaopanga umri wa gemu Ulaya. Hiyo ndiyo alama ya chini kabisa. Hakuna damu, hakuna bunduki. Gemu za namna hii zikipungua, muda wa mtoto haubaki mtupu. Unajazwa na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho kina risasi.

Raha ya dakika tatu

Gemu za magari haziko za aina moja. Zipo zinazoiga udereva wa kweli, kama Gran Turismo, ambako ukichelewa kufunga breki unaingia kwenye mchanga na mbio zako zimeishia hapo. Hizo zina watu wake waaminifu, wengi wao watu wazima. Gran Turismo ya kwanza, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1997, iliuza zaidi ya nakala milioni 10.

Aina ya pili huitwa arkedi. Huku ni kukanyaga mafuta, kuserereka kwenye kona, kugonga ukuta na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Mtoto wa miaka sita anaielewa kwa kuitazama tu. Hii ndiyo inayokosa wachezaji.

Jina lake limetokana na kumbi za mashine za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1974 kampuni ya Atari ilitoa Gran Trak 10, mashine yenye usukani, gia na pedeli, iliyoonyesha barabara nzima kutoka juu. Mwaka 1982 Namco ikaleta Pole Position, ambayo mchezaji aliiona barabara kutoka nyuma ya gari, kama anavyoiona abiria. Mwaka 1986 Yu Suzuki wa kampuni ya Sega akaja na OutRun. Katika mashine yake kubwa mchezaji aliketi ndani ya gari jekundu lililoyumba kila alipokata kona, na kabla ya kuondoka alichagua muziki wa redio. Miaka michache baadaye Sega ikatoa Daytona USA, ambayo mashine zake ziliweza kuunganishwa hadi nane. Watu wanane bega kwa bega, kila mmoja na usukani wake, wakipiga kelele.

Jambo la kuangalia hapo ni muda. Mashine ya sarafu ilibuniwa ikupe raha dakika chache kisha ikutoe, maana mwenye ukumbi alihitaji kiti kiwe wazi kwa sarafu ya mwingine. Mbio zilikuwa fupi, kali, na hazikuhitaji maelezo. Kwa biashara ile, ufupi ulikuwa faida.

Matatizo yalianza raha hiyo ya dakika tatu ilipowekwa kwenye kasha na kuuzwa dukani kwa dola 60. Aliyelipa dola 60 hataki dakika tatu, anataka miezi mitatu. Na nyumbani hakuna kiti kinachoyumba wala usukani, kuna pedi ya vidole tu.

Kwa muda, tatizo hilo lilifichwa na picha. PlayStation ya kwanza ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, ilitoka siku moja na Ridge Racer, na watu walisimama madukani kushangaa gari lenye umbo kamili likiteleza kwenye runinga ya kawaida. Kila mashine mpya ilipotoka ilikuja na gemu ya magari ya kuonyesha misuli yake. Gari ni kitu rahisi kukifanya kionekane vizuri: ni chuma kinachong'aa, hakina uso wa kukunja wala nywele za kupeperuka. Lakini picha nzuri zilipoenea hadi kwenye gemu za mpira na za vita, kioja cha gari kikaisha. Mtu akianza kuuliza "nini kingine?", gemu nyingi hazikuwa na jibu.

Mwezi mmoja wa 2010

Anayetaka kuuona ugonjwa wote mahali pamoja atazame Mei 2010.

Mwezi huo kampuni tatu kubwa zilitoa gemu tatu za mbio za kujifurahisha. Activision ilitoa Blur, iliyotengenezwa na Bizarre Creations ya Liverpool, Uingereza. Disney ilitoa Split/Second, ya Black Rock Studio ya Brighton, Uingereza pia. Sony ikatoa ModNation Racers. Zote zilikuwa gemu nzuri, na hadi leo wapo watu wazima wanaozikumbuka kwa uchungu. Blur ilichukua magari halisi, yenye majina ya viwandani, ikayapa silaha za kurushiana kama katuni. Watu wanne waliweza kucheza kwenye runinga moja na 20 mtandaoni. Split/Second ilikuwa mbio ndani ya kipindi cha televisheni, ambako dereva akijaza mita yake aliweza kulipua daraja au kuangusha ndege mbele ya mpinzani.

Zilitoka zikipishana kwa siku chache tu. Mteja mwenye hela ya gemu moja alikuta tatu kwenye rafu, na wiki hiyo hiyo ya Split/Second ikatoka pia Red Dead Redemption, gemu ya wachunga ng'ombe wa Marekani yenye saa nyingi za hadithi. Ndipo hesabu ya dakika tatu iliporudi. Kwa bei ile ile, moja inakupa ulimwengu mzima wa kuzurura kwa farasi, nyingine inakupa kuzunguka uwanja.

Februari 2011 Bizarre Creations ilifungwa. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 200, na kabla ya hapo ilijulikana kwa mfululizo wa Project Gotham Racing uliouzwa na Microsoft. Katikati ya mwaka huo huo Disney ikaifunga Black Rock. Hao hawakuwa wanagenzi. Walikuwa baadhi ya mafundi bora wa magari ya kwenye skrini. Kosa la Blur lilikuwa dogo na la kusikitisha: wapenzi wa magari waliona silaha wakadhani ni gemu ya watoto, na wazazi wakaona magari ya kweli wakadhani ni ya wakubwa. Imesimama katikati, na katikati hapakuwa na mtu.

Hata bahati iliwakataa. MotorStorm: Apocalypse, gemu ya mbio ndani ya mji unaobomolewa na tetemeko la ardhi, ilikuwa itoke Machi 2011. Machi 11 Japani ikapigwa na tetemeko na tsunami. Sony ikafuta mpango wa kuiuza Japani. Waliotengeneza gemu hiyo, Evolution Studios, walifungiwa milango mwaka 2016. Wengi wao wakachukuliwa na Codemasters, wakatoa Onrush mwaka 2018, mbio zisizo na mstari wa kumalizia. Wahakiki waliisifu. Haikupita miezi miwili watu wakaanza kupunguzwa kazi.

Waliobaki wamekaa kwenye ncha mbili. Upande mmoja yupo Forza Horizon wa Microsoft, mwenye mamia ya magari halisi na nchi nzima ya kuendesha. Toleo la tano, la 2021, liko Mexico. Upande wa pili yupo Mario Kart wa Nintendo. Mario Kart 8 Deluxe, iliyotoka 2017, imeuza zaidi ya nakala milioni 60, ikiwa ndiyo gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye mashine ya Switch. Kwa hiyo mtu akisema watu hawataki tena mbio za kujifurahisha, milioni 60 zinamkatalia. Wanazitaka. Swali ni kwa nini wanazitaka kwa mmoja tu.

Kochi lililoachwa

Jibu moja liko kwenye kochi, na hili halizungumzwi inavyostahili.

Rudi kwenye kibanda cha PS. Mpira unaujaza kwa sababu wawili wanacheza kwenye skrini moja bila kuigawa. Uwanja ni mmoja, mpira ni mmoja, wote wanatazama kitu kimoja, na walio kwenye benchi wanatazama pia na kutukana refa asiyekuwepo. Mbio za magari haziwezi hivyo. Wewe ukiwa kwenye kona ya kwanza na mwenzako kwenye ya tatu, kila mmoja anahitaji dirisha lake. Skrini inakatwa vipande, na mashine inalazimika kuchora ulimwengu mara mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi nzito.

Gemu za zamani zilikubali gharama hiyo. Burnout 3 ya mwaka 2004 ilikuwa na skrini ya kugawana. Kaka na dada waligongana magari na aliyegongwa alimtazama mwenzake usoni. Burnout Paradise ya 2008 ikaiondoa, ikawapeleka wachezaji mtandaoni kwenye mji mkubwa wenye picha kali. Need for Speed, iliyokuwa nayo enzi za Underground, ikaiacha. Forza Horizon, pamoja na uzuri wake wote, haijawahi kuwa nayo.

Watengenezaji walipopima, waliona picha nzuri inauza na kochi haliuzi. Hesabu hiyo ilisahau jambo moja: mtoto mdogo hakuanza kupenda gemu za magari kwa tangazo. Alianza kwa kukaa pembeni ya kaka yake na kupewa pedi ya pili. Ukiondoa pedi ya pili umeondoa mlango wa kuingilia, na ni kawaida nyumba isiyo na mlango kukosa wageni.

Nintendo hawakuondoa. Mario Kart 8 Deluxe inachezwa na watu wanne kwenye runinga moja. Zaidi ya hapo, ina msaada wa usukani unaolizuia gari lisitoke barabarani, na mwingine unaokanyaga mafuta wenyewe. Maana yake mtoto wa miaka mitatu, au bibi ambaye hajawahi kushika pedi, anaweza kuwa ndani ya mbio zile zile na mjukuu wa miaka 14 aliyebobea, na wote wakafika. Anayeongoza hupigwa na silaha za walio nyuma, hivyo aliyezoea kushinda hajihakikishii. Wapenzi wa magari huidharau gemu hii kwa sababu ina uyoga na kobe. Waidharau tu, ndiyo inayochezwa sebuleni.

Kuna kichekesho kingine hapo. Gemu ya magari ya arkedi iliyopata umati mkubwa katika muongo uliopita ni Rocket League, iliyotoka Julai 2015 na kuwa ya bure tangu Septemba 2020. Ndani yake magari hayashindani mbio. Yanacheza mpira.

Gari si lako, gemu nayo si yako

Sababu nyingine iko ofisini, kwa wanasheria.

Kila gari halisi ndani ya gemu lina mwenyewe. Jina, umbo, hata nembo ya mbele, vyote hulipiwa leseni, na leseni ina tarehe ya mwisho. Nyimbo za redioni ni vivyo hivyo. Forza Horizon 4, ya Oktoba 2018, iliondolewa madukani Desemba 15, 2024 kwa sababu mikataba ya namna hiyo ilikuwa inakwisha. Aliyekuwa nayo aliendelea kucheza, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka hawezi tena kununuliwa. OutRun Online Arcade, ya 2009, iliyotumia magari ya Ferrari, nayo iliondolewa leseni ilipoisha. Riwaya ya miaka 40 iliyopita unaipata. Gemu ya magari ya miaka sita unaambiwa haipo. Ni vigumu kujenga wachezaji wa kizazi hadi kizazi kwa bidhaa inayooza rafuni.

Wenye viwanda pia hawapendi kuyaona magari yao yamepondwa. Ndiyo maana Burnout, iliyojengwa juu ya ajali, ilitumia magari ya kubuni. Ikapata uhuru wa kuvunja, ikapoteza majina ambayo kijana anayaota. Hapo mtengenezaji achague moja.

Halafu kuna intaneti. The Crew ya Ubisoft, iliyouzwa kuanzia Desemba 2014, ilimruhusu mchezaji kuvuka Marekani nzima kwa gari. Ilihitaji kuunganishwa na seva za kampuni hata kama unacheza peke yako. Machi 31, 2024 seva hizo zilizimwa. Waliokuwa wamenunua diski halali kwa fedha halali walibaki na kipande cha plastiki. Hasira zake ndizo zilizoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ambayo Julai 2025 ilivuka saini milioni moja kwenye ombi rasmi la wananchi wa Umoja wa Ulaya. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kwamba mteja ananunua leseni, hanunui kitu. Ubisoft baadaye iliahidi kwamba The Crew 2 na Motorfest zitaweza kuchezwa bila mtandao.

Kwa mzazi wa huku, somo la The Crew lina uzito wake. Familia inayonunua bando kwa wiki haina mtandao wa kudumu. Forza Horizon 5 peke yake ina ukubwa wa zaidi ya GB 100 kupakua. Gemu inayodai intaneti kila inapowashwa ni kama gari lisilowaka mpaka umpigie simu aliyekuuzia.

Ya bure yenye bei

Wengi watasema mtoto wao anacheza gemu za magari kila siku, kwenye simu ya mama. Ni kweli. Hill Climb Racing ya Fingersoft, kampuni ya Finland, imekuwepo tangu 2012, na Asphalt ya Gameloft tangu 2004. Hamu ya magari ilihamia huko, kwenye gemu zisizoulizwa bei mlangoni.

Bei iko ndani. Gari jipya linafunguliwa polepole sana kwa anayecheza bure, na haraka kwa anayelipa. Mbio zinakwisha mafuta, nayo mafuta yanarudi kwa kusubiri au kwa hela au kwa kutazama tangazo. Mario Kart Tour, toleo la simu lililotoka Septemba 2019, lilianza na mabomba ya bahati nasibu: unalipa, hujui utapata dereva gani. Nintendo waliyaondoa mwaka 2022. Huo ni mchezo wa kubahatisha uliovaa kofia nyekundu, na si vibaya kuuita hivyo.

Hata gemu za kulipia zimejifunza ujanja huo. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019 ikiwa gemu ya kulipia, ikasifiwa kama gemu ya familia. Agosti, wazazi wakiwa wameshanunua na wahakiki wameshaandika, likafunguliwa duka la ndani la kununua sarafu za gemu kwa fedha halisi. Mzazi aliyesoma kasha mwezi wa sita hakuwa na namna ya kujua.

Matokeo yake ni wateja waliozoea kutolipa chochote mwanzoni, na ndiyo maana gemu nzuri ya magari ya dola 50 inaonekana ghali kuliko ilivyo. Hata bure yenyewe haitoshi. Desemba 2023 Epic Games iliweka Rocket Racing ndani ya Fortnite, bila malipo, mahali ambapo mamilioni ya watoto wapo tayari. Mwaka uliofuata kampuni ikasema haitaiongezea tena masasisho makubwa. Watoto walipita, wakatazama, wakarudi kwenye bunduki zao.

Kabla ya kufungua pochi

Mzazi mwenye PS au Switch ya mtumba sebuleni, anayetaka watoto wake wacheze kitu kisicho na damu, bado ana pa kwenda, ila aulize vizuri dukani.

Aanze na swali la watu wangapi wanaweza kucheza kwenye runinga hiyo moja. Muuzaji akijibu "mtandaoni wengi tu", hajajibu. Horizon Chase Turbo, iliyotengenezwa Brazil mwaka 2018 kwa kufuata mtindo wa zamani, inachukua wanne. Hot Wheels Unleashed, ya 2021, inachukua wawili, na magari yake ni ya kuchezea, yanapita juu ya meza na sofa. Burnout 3, kwa aliye na PS2 inayowaka, inaweza kuonekana kwenye meza za diski kuukuu, ingawa imejaa ajali.

Swali la pili ni kama inachezwa bila intaneti. Diski ijaribiwe mashine ikiwa haijaunganishwa, hapo hapo dukani, kabla hela haijabadilisha mikono. Na kwenye simu, nenosiri la manunuzi liwekwe kabla mtoto hajapakua gemu, si baada ya salio kuisha.

Mario Kart World, ya Switch 2, iliingia sokoni Juni 2025 Marekani kwa karibu dola 80. Kwa nyumba nyingi hiyo ni ada ya muhula. Toleo la 2017 bado lina kila kitu ambacho mtoto wa miaka saba anakihitaji, kukiwemo kobe.

Na kwa wale wanaotaka barabara wanayoifahamu, ipo. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilipangwa kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2020. Korona ikazizuia, zikafanyika Naivasha mwaka uliofuata. Lakini gemu ya WRC 9 ilishatoka Septemba 2020 ikiwa na hatua za Kenya ndani yake, kwa hiyo vijana waliendesha kwenye vumbi lile kabla ya madereva wenyewe. Hiyo ni ngumu kwa mtoto mdogo. Rahisi kidogo ni art of rally, ya kampuni ndogo ya Kanada, ambayo Agosti 2021 iliongezewa barabara za Kenya. Haihitaji intaneti kucheza. Magari yake ni madogo, hayana majina ya viwanda, na mchezaji anayaona kutoka juu na nyuma, kama anayevuta gari la dumu kwa kamba.